Uzi Usioonekana



Dominika moja baada ya Misa, hapa Luvungi, mtoto wa kwaya aliniletea kitabu chake cha nyimbo. Nyimbo za Pasaka zilikuwa zimedondoka njiani. Akaniuliza: "Mwalimu, mbona kitabu cha nyanya ni cha zamani, wala hakijaachana?"

Nikamjibu: cha nyanya kimeshonwa, chako kimegandishwa tu.

Katika kiwanda cha chapa, karatasi kubwa hupigwa chapa pande zote mbili, kisha hukunjwa mara tatu, ikawa fungu la kurasa 16. Wanafunzi, jaribuni: kunjeni karatasi hivyo, andikeni namba kwa utaratibu, kisha ikunjueni. Mtaona ukurasa wa 1 umekaa ubavuni mwa wa 16, na wa 8 ubavuni mwa wa 9. Jumla yake daima ni 17. Mafungu hayo hushonwa kwa uzi penye mkunjo, mgongo hupakwa gundi na kubanwa, kisu hukata pande tatu zilizobaki, ndipo jalada huvikwa. Lakini kitabu cha bei nafuu hukatwa hata mikunjo ya mgongoni, kila karatasi ikashikwa na gundi peke yake. Gundi ikizeeka hukauka na kupasuka. Basi kurasa huaga moja moja.

Msidhani kushona vitabu ni ufundi wa kigeni kwa Afrika. Mwaka 1104, katika jeneza la Mtakatifu Cuthbert, askofu wa Uingereza, ilikutwa Injili ya Yohane iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 8. Leo inatunzwa London, na mshono wake wa kwanza ungali unashika. Wataalamu wanasema mshono huo ni wa namna ya Wakristo wa Misri, yaani Wakopti.

Tulifanyaje na kitabu cha mtoto? Kurasa zilizopotea alizinakili kwa mkono kutoka kitabu cha nyanya yake. Tukazipanga zote, tukazibana kati ya mbao mbili, tukatoboa matundu matano kando ya mgongo, tukapitisha uzi imara uliopakwa nta. Kisha tukabandika kitambaa mgongoni kwa uji mzito wa muhogo, tukaweka mawe juu hadi asubuhi. Angalieni lakini: mende hupenda uji huo, kitabu kikae pakavu, mbali na chakula.

Wazazi wapendwa, jalada ndilo husifiwa, lakini uzi ndio hushika. Ndivyo ilivyo nyumbani. Nguo za Dominika huonekana na wote. Sala ya jioni haionekani na jirani. Uzi huo ukikatika, watoto hudondoka mmoja mmoja, na nyimbo za Pasaka hupotea njiani.

Kagueni basi vitabu vyenu, na nyumba zenu pia, kungali mapema.