Mikono Inayokanda Iwe na Cheti

Mgeni ashukaye katika kreta ya Ngorongoro huteremka yapata mita 600, na jioni hupandishwa tena, viungo vikimuuma kwa misukosuko ya njia na vumbi likiwa limemjaa hata masikioni. Alalapo Karatu, au ukingoni mwa kreta yenyewe, hutaka kwanza maji ya moto, kisha mtu wa kumkanda mgongo. Ndiyo maana biashara ya kukanda, ambayo vijana huiita masaji, imepata soko huko. Hatuna neno baya juu yake. Ni kazi ya heshima, tena ya kale kwetu: mama zetu walikandwa na wakunga baada ya kujifungua, na aliyeteguka mguu alipelekwa kwa mzee ajuaye kuchua.

Twauliza jambo moja tu: mikono hiyo imeruhusiwa na nani?

Kijana anayemwongoza mgeni huyo porini yampasa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Dereva naye ana yake. Lakini binti anayeingia chumbani na mgeni aliyevua nguo, mlango ukafungwa, mara nyingi hana karatasi yoyote yenye jina lake. Iliyopo ni leseni ya biashara itundikwayo ukutani, itolewayo kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 1972, nayo ni ya mwenye chumba. Yashuhudia kuwa ada imelipwa. Haishuhudii kuwa mkandaji ajua mahali pa shingo pasipobanwa, wala kuwa mguu mmoja uliovimba na kuuma baada ya safari ndefu ya ndege huenda una damu iliyoganda, nao haukandwi kamwe bali hupelekwa kwa daktari.

Wilaya ya Ngorongoro imekwisha kuona mambo haya. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Hatumshitaki marehemu kwa tamaa. Bei yake yatosha kumtetea. Lakini wagonjwa wengine walifia katika foleni, na wakati huo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, pamoja na Baraza lake, ilikuwa na umri wa miaka tisa. Sheria ilikuwapo, umati uliitangulia.

Sasa tuje kwenye jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Mkandaji akimgusa mteja pasipo idhini, au mteja akimtaka mkandaji mambo ya aibu, ni kosa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza udhalilishaji huo, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkinga mfanyakazi. Mwenye nyumba anayemwambia binti kwamba mgeni hakataliwi, huyo si mfanyabiashara, ni kuwadi. Lakini mgeni aliyetendewa vibaya usiku, asubuhi yuko njiani kwenda Serengeti. Amshitaki nani, na wapi? Pasipo daftari la wakandaji hakuna jina la kufutwa, na mwovu aliyefukuzwa Karatu leo aweza kuajiriwa Mto wa Mbu kesho. Mji nao huwaita wakandaji wote malaya, na binti mwaminifu hubeba aibu isiyo yake.

Hatudai kila mkandaji awe amesomea fiziotherapia pale KCMC, Moshi. Kumpumzisha mtu aliyechoka ni kazi moja, na kumtibu ni nyingine. Anayetangaza kuponya kiuno au kupooza na aulizwe usajili wake, bila kuoneana haya. Anayepumzisha tu, apewe mafunzo mafupi yenye mtihani, apigwe picha, aandikwe jina.

Halmashauri za Karatu na Ngorongoro zaweza kuanza bila kungoja Dodoma. Ofisa biashara asihuishe leseni ya chumba cha kukandia mpaka aletewe majina ya wanaokanda humo na vyeti vyao, na mlango wa chumba hicho usiwe na komeo. Tena ada ya cheti ailipe mwenye nyumba, wala isikatwe katika mshahara wa binti.