Mashine iliyosikia risasi

Tangu Mei 2025 Wakatoliki wengi wanalijua jiji la Chicago, Marekani, kama mahali alipozaliwa Papa Leo XIV. Jiji hilo linajulikana pia kwa milio ya risasi, na kwa miaka kadhaa lilijaribu kuisikia kwa mashine.

Mwaka 2018 jiji liliingia mkataba wa dola milioni 33 kwa ajili ya mfumo uitwao ShotSpotter. Vinasa sauti vilifungwa juu ya nguzo na mapaa katika wilaya 12 kati ya 22 za polisi, zile wanakoishi zaidi Wamarekani weusi na Walatino. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hivyo mlio hukifikia kinasa cha karibu kabla ya kile cha mbali. Kompyuta hupima tofauti hiyo ndogo na kukadiria mahali mlio ulipotokea. Mfanyakazi wa kampuni husikiliza, huamua kama ni risasi au fataki, na polisi hupata taarifa kwa muda wa dakika moja hivi.

Siibezi mashine hiyo. Kijana akiwa anavuja damu gizani na hakuna aliyepiga simu, dakika moja ni uhai. Ndiyo maana madiwani wengi walitaka mfumo ubaki, ingawa Meya Brandon Johnson aliamua uzimwe, ukazimwa Septemba 2024.

Hata hivyo, Mkaguzi Mkuu wa jiji alitoa ripoti Agosti 2021 baada ya kupitia taarifa zaidi ya 50,000. Ushahidi wa uhalifu wa bunduki ulipatikana katika takriban 9 kwa kila 100. Simaanishi kwamba zote zilizobaki zilikuwa fataki. Maganda huokotwa, gari huondoka. Ila kila taarifa iliwapeleka askari mtaani wakiwa tayari wanatarajia bunduki.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Juma Kuu, tarehe 29 Machi 2021, baada ya saa nane, vinasa sauti vilitoa taarifa ya risasi katika mtaa wa Little Village. Askari walifika upesi, na mmoja wao akamkimbiza mvulana wa miaka 13. Video inaonyesha kwamba mvulana alikuwa na bunduki mkononi, akaiachia, akageuka akiinua mikono. Haikutimia sekunde moja akapigwa risasi kifuani.

Usiku ule mashine haikukosea. Risasi zilikuwa zimepigwa kweli, mahali palikuwa pale pale, na polisi walifika kwa wakati. Mfumo ulifanya kazi yake yote, na mtoto akafa.

Nimekuwa nikirudia kusoma sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo. Biblia haitaji hata silaha aliyotumia Kaini. Mungu husikia damu ya Abeli ikilia kutoka ardhini, na kabla ya kutoa hukumu anamuuliza Kaini nduguye yuko wapi. Kisha, jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka, anamtia Kaini alama ili mtu yeyote asimuue. Yule aliyesikia damu ya Abeli ndiye aliyelinda pia uhai wa muuaji.

Bibi zetu walijua kazi ya yowe. Likipigwa usiku, aliyelisikia alitoka na taa, na asiyetoka aliulizwa kesho yake. Katika mitaa ile ya Chicago watu wengi husikia risasi wala hawapigi simu: wengine wameizoea, wengine wanamwogopa aliyepiga, wengine wanawaogopa polisi wenyewe. Kinasa sauti kiliwekwa mahali pa yowe. Kilimwita askari, lakini jirani kilimwacha ndani, na hofu yake ikabaki vile vile.

Kusini mwa jiji hilo iko parokia ya Mtakatifu Sabina. Kwa miaka mingi sasa, Ijumaa jioni katika majira ya joto, padre na waamini hutoka kanisani wakatembea mitaani kudai amani. Wanapita kwenye kona wanakosimama vijana, wanawasalimu, wanazungumza nao. Wapo vijana ambao hujiunga, na wapo wanaowatazama tu. Ijumaa inayofuata wanapita tena.