Ukungu Hautoki Kwenye Tyubu

Hoja iliyochapishwa, kwamba televisheni za kichogo zilizobaki katika miji ya Lodwar na Kakuma ni taka tupu tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogia mwaka 2015, na kwamba ukungu wa picha zake wathibitisha uchakavu, inachanganya njia na chombo. Televisheni hizo bado zina kazi: mashine za michezo za miaka ya 1990, kama PlayStation ya kwanza, kwa kawaida hutoa picha ya mistari takriban 240, ambayo tyubu ya televisheni hizo, yaani chupa ya kioo inayorusha elektroni, huichora papo hapo, ilhali skrini bapa hulazimika kuikuza kwanza na mara nyingi huichelewesha. Ukungu huzaliwa katika waya wa manjano unaobeba mwangaza na rangi vikiwa vimechanganywa. Fundi anayepitisha nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa njia yake, hadi kwenye saketi inayoandika menyu juu ya picha, huuondoa bila kuigusa tyubu. Kazi hiyo si ya kila mkono, kwa kuwa tyubu ya rangi hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000 na hubaki na chaji hata ikizimwa. Lalamiko kwamba televisheni hizi hula umeme mwingi ni la haki, hasa Kakuma inakotegemewa jenereta na sola. Lakini kioo cha tyubu kina risasi, metali yenye sumu, na anayeshauri kitupwe hajasema kitatupwa wapi, kama si kando ya mto Turkwel au Tarach, ambako watu huchimba mchanga kutafuta maji ya kunywa.