Jiwe la Pioneer

Msomaji, wako wasemao kwamba elimu ya miamba ni habari ya Vesuvius na nchi za mbali. Nakataa. Chimba hapo Pioneer, Eldoret, mpaka ufike mwamba: jiwe lile jeusi ni zaha iliyoganda zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Ilitoka upande wa Bonde la Ufa, bonde lenyewe lingali halijazama kama lilivyo leo, ikatandaa uwanda wa Uasin Gishu. Nenda Iten ukaone ardhi ilivyokatika; na mpasuko ule haujakoma. Ng'ambo, katika vilima vya Tugen, mwaka 2000 ilipatikana mifupa ya Orrorin, ya miaka milioni 6 hivi. Mwanafunzi aijuaye Vesuvius, asijue asili ya jiwe alikalialo, amefundishwa nini?