Saa ya sola inataka mwanga, si joto

Naomba niwaambie jambo wenzangu wenye saa za sola za mishale.

Mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili mbili, msikimbilie kwa fundi. Kwenye Eco-Drive za Citizen na saa nyingi za sola za Seiko, hiyo ni ishara kwamba chaji inakwisha. Iwekeni saa juani, uso ukitazama juu. Dakika chache za jua kali hufanya kazi ambayo taa ya ofisini huifanya kwa saa kadhaa. Iliyozimika kabisa ikianza kutembea, msidhani imejaa. Iachieni muda mrefu zaidi, kisha ndipo mrekebishe majira.

Ila msiiache kwenye dashibodi ya gari lililofungwa vioo. Betri ya ndani huumizwa na joto, na maelekezo ya Citizen yanakataza kuichaji penye nyuzi 60 au zaidi. Asubuhi dirishani panatosha. Wanaovaa mikono mirefu kutwa wakumbuke kuitoa saa nje ya kitambaa, na isiyovaliwa isifungiwe kabatini miezi mingi.

La muhimu kuliko yote: siku betri hiyo ikichoka kweli, msikubali fundi aweke betri ya kawaida. Ya kawaida haikuundwa kuchajiwa. Inaweza kuvuja na kuiua mashine nzima. Daini betri ya kuchaji ya aina ileile. Saa hizi zikitunzwa hudumu miaka mingi, na zinastahili kutunzwa.