Iachieni Nyumba Pumzi

Kwetu Kamina kiangazi ndicho kipindi cha kutengeneza nyumba. Mvua hukoma mwezi wa tano; matofali hukauka vema kabla ya kuchomwa, wala udongo wa kukandika hausombwi na maji. Lakini mwezi wa sita na wa saba una baridi yake, maana mji wetu umeinuka zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, na usiku usio na mawingu hauhifadhi joto la mchana.

Mwaka huu tulibomoa ukuta wa zamani, tukaujenga upya. Tuliziba kila ufa, na madirisha yaliyokuwa bado hayajapata mbao tuliyafunga kwa magunia. Kisha tukaingiza mbabula ya makaa chumbani walalamo watoto. Usiku wa manane mmoja akalia kwamba kichwa chamwuma, mwenziwe akatapika. Mama yao hakuuliza neno: alifungua mlango, akawatoa nje, nasi tukaitoa mbabula.

Makaa yawakapo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kumwua mtu usingizini. Nyumba yetu kuukuu, kwa nyufa zile zile tulizozilaumu, ilikuwa ikitulinda.

Basi, wazazi, kandikeni na kuziba, lakini acheni matundu ya hewa juu ya ukuta. Wakati wa kulala mbabula ikae nje, na watoto wajifunike blanketi moja pamoja. Jua likitoka, baridi itakwisha.