Laga Imepotelea Wapi? Ugomvi wa Wanywaji wa Ng'ambo na Funzo Lake Kwetu

Wasomaji wa ukurasa huu wengi wao hawaijui bia ila kwa kuiona kwenye mabango ya barabarani, na makala haya hayaji kuwabembeleza waijue zaidi. Hukumu ya kileo kwetu i wazi, wala haina haja ya kurudiwa hapa. Lakini jambo la jirani si lazima ulionje ndipo ulielewe. Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna ugomvi baina ya wanywaji wa bia na wauzaji wake, ugomvi ambao ukiuvua nguo zake za ulevi utauona ni ugomvi wa soko, wa ufundi, na wa nani mwenye haki ya kuamua ni kipi kiwekwe mbele ya mteja. Hayo matatu yatuhusu sote, anywaye na asiyekunywa.

Malalamiko yenyewe ni haya. Mteja huingia katika baa ya mtindo wa kisasa, London au Chicago, akaona ukutani bilula kumi na tano au ishirini zimepangwa safu. Ataka laga ya kawaida, ile aliyoizoea baba yake. Huambiwa hakuna, au ipo moja tu pembeni. Zilizobaki ni hii yenye harufu ya maembe, na ile ya machungwa, na ya tatu chungu kama mwarobaini. Akiuliza kulikoni, hujibiwa kwamba hayo ndiyo watu wayatakayo siku hizi. Naye hutoka akijiuliza: watu gani hao, na mimi si mtu?

Ili tuufahamu ugomvi huu, yafaa kwanza tujue tofauti ya vitu vyenyewe. Bia hutengenezwa kwa maji, kimea cha shayiri, hamira, na hopu, ambayo ni ua la mmea mtambaazi lenye uchungu. Sheria mashuhuri ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja maji, shayiri na hopu peke yake, kwa kuwa siri ya hamira ilikuwa bado haijafichuliwa. Bia ya kale ya Waingereza, iitwayo eli, huumuliwa katika joto la kawaida na kwa muda wa wiki mbili hivi huwa tayari. Laga yataka hamira ya namna nyingine, ifanyayo kazi yake katika baridi, kisha ihifadhiwe karibu na digrii 0 kwa wiki nne, sita, hata nane na zaidi. Jina lake lenyewe latokana na neno la Kijerumani la kuweka ghalani. Laga ya rangi ya dhahabu, ambayo ndiyo mama wa hizi zote zilizoenea duniani, ilianza mwaka 1842 katika mji wa Pilsen, ulioko leo katika Jamhuri ya Czech, kwa mkono wa fundi kutoka Bavaria aitwaye Josef Groll.

Hopu nayo ina kazi mbili: hutia uchungu na harufu, na huizuia bia isiharibike upesi. Ndiyo maana Waingereza waliokuwa wakitawala Bara Hindi walikuwa wakipelekewa bia yenye hopu nyingi, nayo ikisafiri miezi kadhaa kwa jahazi za matanga, ikizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kukata bahari yetu hii ya Hindi. Kutokana na biashara hiyo likapatikana jina India Pale Ale, au kwa ufupi IPA. Hiyo IPA, ikiwa imefufuliwa na kuongezwa hopu maradufu, ndiyo iliyozishika bilula za leo.

Sasa, tusimhukumu mtengenezaji wa IPA kabla ya kumsikiliza, kwa maana hapo mwanzo yeye ndiye aliyekuwa mnyonge. Katika mwaka 1873 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 4,000, kila mji na chake. Kisha makampuni makubwa yakaanza kuwameza wadogo, na baadaye likaja lile katazo la kileo la nchi nzima, tangu 1920 hadi 1933. Lilipoondolewa, wakubwa ndio waliokuwa na nguvu ya kusimama tena. Kufikia mwisho wa miaka ya sabini nchi yote ile ilikuwa na viwanda visivyofika 100, na karibu vyote vikitoa laga moja, nyepesi, isiyotofautiana na nyingine ila kwa kibandiko. Kampuni zilitumia fedha nyingi zaidi kuisifu bia yao kuliko kuifanya iwe na sifa.

Ndipo wakatokea waasi. Mwaka 1965 kijana aitwaye Fritz Maytag alikinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilichokuwa kikikaribia kufa. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyowaruhusu watu kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yao, na wengi wa mafundi wa baadaye walijifunzia jikoni. Mwaka 1980 kiwanda kidogo cha Sierra Nevada, huko California, kikaanza kutoa eli yenye harufu kali ya hopu za Kimarekani. Huo ulikuwa uasi wa haki. Watu walikuwa wamechoshwa na kitu kimoja chenye majina mengi.

Ukivuka bahari ukafika Uingereza, hadithi hiyo hiyo waikuta imepinduliwa. Huko kitu cha kale kilikuwa ni eli, na laga ndiyo mgeni aliyekuja na matangazo. Mwaka 1971 wanywaji wakaunda chama chao, CAMRA, kuitetea eli ya pipa dhidi ya bia za viwandani zilizotiwa hewa. Basi anayelia leo London kwamba laga ya asili imepotea, baba yake huenda alilia kwamba laga imeipoteza eli ya asili. Neno "asili" lina tabia hiyo: kila mtu hulianzia pale kumbukumbu zake zilipoanzia.

Hapa msomaji mwerevu atauliza: je, ni kweli kwamba laga imepotea? Jawabu ni la, na ndiyo, yote mawili. Ukiitazama dunia nzima, laga bado ndiyo bia inayouzwa kuliko zote, wala haina mpinzani. Huko Marekani viwanda vyote vidogo vikijumlishwa pamoja havipati ila kadiri ya asilimia 13 ya bia inayouzwa. Mwaka 2023 Bud Light ilipopokonywa nafasi ya kwanza kwa thamani ya mauzo, haikupokonywa na IPA yoyote, bali na Modelo Especial ya Mexico, ambayo nayo ni laga. Kwa hivyo laga ya kampuni kubwa imejaa tele. Iliyoadimika ni ile ya katikati: laga nzuri, iliyotengenezwa kwa mkono wa fundi mdogo, na kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Upande huu wa duka umeshikwa na jitu la kampuni, upande ule umeshikwa na kitu cha mtindo, na katikati pako patupu.

Kwa nini pawe patupu? Wenye maduka husema ni matakwa ya watu. Hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ni hesabu. Fundi mdogo ana matangi machache, na kila tangi ni mkopo wa benki. Tangi analolilaza kwa laga moja, angeliweza kulijaza na kulimimina mara mbili au tatu kwa eli. Juu ya hayo, kuipoza laga kwa wiki zote hizo ni gharama ya umeme. Na mwisho wa yote, mteja ambaye yu radhi kulipa bei kubwa kwa kitu chenye harufu ya maembe, hukataa kulipa bei hiyo hiyo kwa laga, kwa kuwa amekwisha kufundishwa na makampuni kwamba laga ni kitu rahisi. Subira ya fundi haionekani ndani ya bilauri, na kisichoonekana hakilipiwi.

Kisha kuna jambo la ufundi, ambalo sisi watu wa mashairi twalielewa upesi. Hopu nyingi husitiri makosa. Laga haina pa kujificha. Kosa dogo la fundi huonekana kama doa kwenye kanzu nyeupe, ilhali kwenye kikoi cha rangi saba doa hilo hilo lingepita bila kutambuliwa. Ndiyo maana mafundi wengi waliobobea, hata wale waliojipatia jina kwa IPA, hukiri kwamba laga safi ndiyo mtihani wao. Kitu sahili ndicho kigumu, nacho ndicho chenye malipo madogo.

Wala tusisahau mwenye bilula. Marekani, baada ya katazo kuondolewa mwaka 1933, majimbo mengi yaliweka sheria kwamba mtengenezaji amuuzie msambazaji, na msambazaji amuuzie mwenye duka. Uingereza, baa nyingi tangu zamani zimefungwa kwa mkataba kununua kutoka kwa kampuni fulani. Kwa hali hiyo, baina ya ladha ya mnywaji na mkono wa fundi kuna watu wawili watatu waliosimama njiani, kila mmoja na faida yake. Mnywaji hudhani anachagua, kumbe achagua katika kilichokwisha chaguliwa.

Na hao waasi je, walidumu katika uasi wao? Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2011 kiwanda cha Goose Island cha Chicago kilinunuliwa na Anheuser-Busch, lile jitu lenyewe walilokuwa wakilipinga, kwa dola milioni 38.8. Mwaka 2015 Camden Town ya London ikachukuliwa na kampuni mama ya jitu hilo. Na Lagunitas ya California ikauza nusu yake kwa Heineken mwaka huo huo, na nusu ya pili mwaka 2017. Anchor, kile kiwanda alichokiokoa Maytag, kilinunuliwa na Sapporo ya Japani mwaka 2017, na mwaka 2023 kikafungwa. Mwaka 2024 viwanda vidogo vilivyofungwa Marekani vilizidi vilivyofunguliwa. Wapo sasa mafundi wanaoirudia laga kwa moyo, wakaijengea matangi yake na kuipa muda wake. Lakini wameirudia ikiwa imekuwa bidhaa ya wajuzi, si kinywaji cha kuli wa bandarini kama ilivyokuwa.

Turejee kwetu. Nchini Kenya laga ya chupa ndiyo iliyokuja kama mgeni. Kampuni ya Kenya Breweries iliasisiwa mwaka 1922, na tangu hapo leseni na serikali zikawa upande wake. Mgema wa Kilifi na Kwale, ambaye hupanda mnazi kwa miguu yake alfajiri na jioni, yeye kwa miaka mingi aliishi baina ya ruhusa na marufuku. Sheria ya Vileo ya mwaka 2010 ilipofuta ile ya mwaka 1980 iliyokuwa imepiga marufuku chang'aa, ilivifungulia mlango vileo vya kienyeji, lakini kwa leseni na masharti ambayo mtu mdogo huyaona marefu kuliko mnazi wenyewe. Sisemi haya ili tembo lihalalike. Nasema tu kwamba jambo ambalo ng'ambo huitwa "ufundi wa mikono" na kuuzwa ghali, huku kwetu likifanywa na maskini huitwa uvunjaji wa sheria.

Lakini lililo karibu zaidi na wasomaji wangu si tembo wala bia, ni kahawa. Nayo kahawa haikuzaliwa ikiwa ya asili. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliifunga milango ya nyumba zake kwa kuiona ni uzushi wa kuwakusanya watu, na haukupita muda mrefu amri yake ikatenguliwa kutoka Cairo. Leo ndiyo kinywaji cha mabaraza yetu: yachomwa, yatwangwa, yachemshwa taratibu juu ya makaa, ikatiwa tangawizi, na mwenye dele lake la shaba akapita akigonga vikombe. Bei yake yaweza kulipwa na mvuvi aliyerudi mtupu.

Sasa tazameni kinachokuja. Mijini kwetu zimefunguka nyumba za kahawa za mashine, zenye vioo na muziki, na kikombe kimoja humo chaweza kununua vikombe vya dele vya baraza zima. Sizishutumu, zimewapa vijana kazi, na aendaye huenda kwa hiari yake. Lakini hesabu ni ile ile ya tangi la laga. Kodi ya nyumba ikipanda, baraza likibomolewa ili pawe na duka, mwenye dele hana pa kukaa, wala hana bango la kumsemea. Kisha siku moja wataitwa wajuzi, dele liwekwe ndani ya kioo, kahawa tungu iuzwe kwa watalii kwa jina la "asili", na mvuvi yule asiweze kuinunua.

Tusidanganyike na neno kwamba soko huwapa watu wakitakacho. Soko huwapa watu kile ambacho mwenye mlango, mwenye kodi na mwenye leseni wameona kinawalipa upesi. Kitu kinachotaka muda na chenye faida ndogo hakidumu ila kwa watu kukishika makusudi: kukinunua kingali kipo, na kukitetea mbele ya baraza la mji pale mipango ya majengo inapopitishwa. Wanywaji wa ng'ambo waliamka wakati bilula zimekwisha gawanywa. Sisi madele yetu bado yagongwa jioni, na wenye kuyabeba twawajua kwa majina.